Mchezo wa kuzungusha herufi upate neno, wa Kiswahili upo au nitengeneze mwenyewe?

BabaWawili_Moro:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wazazi na walimu mliomo humu. Dada yangu anaishi Uingereza, mwezi uliopita alikuja likizo akawaletea wanangu toi moja hivi, ni kibomba kina pete tano, kila pete imezungukwa na herufi, unazungusha moja moja mpaka zilizokaa kwenye mstari zikupe neno. Yaani kama lile kufuli la namba la begi la safari, ila hapa badala ya namba ni herufi.

Madogo wana miaka 9 na 6. Siku ya kwanza waliligombania mpaka nikaweka zamu, siku ya nne nimelikuta chini ya kochi. Kiingereza chao bado cha kuungaunga, na wakijaribu Kiswahili halitoki kabisa. Pete ya mwisho imejaa T, D, S, R, sasa niambieni neno gani la Kiswahili linaishia na T? K nzima nzima iko pete moja tu, alafu Q ipo sijui ya kazi gani. Mdogo alihangaika nusu saa akapata PATE kwenye zile pete nne za mwanzo, akaruka juu, kaka yake akamwambia hilo sio neno, huyu akasema ni neno, "nataka Yanga apate goli", ikawa kesi na mimi ndo hakimu.

Tunaishi na mama yangu pia, bibi yao. Anapenda sana kukaa nao wakicheza ila herufi za lile toi ni ndogo kama chungu, hazioni.

Sasa swali, kuna wa hivi wa Kiswahili unaouzwa? Na kama hakuna unatengenezwaje kwa gharama ndogo? Nataka kitu ambacho umeme ukikatika tunakaa wote na taa ya chaji, bibi akiwemo.

Kijana_wa_Mbagala:
Mkuu wape simu wacheze gemu kama watoto wengine, unajitesa bure

BabaWawili_Moro:
Simu ndo ninayoikimbia ndugu yangu

TichaStellah:
Baba wawili nakusalimu. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili mwaka wa kumi na moja sasa, tatizo lako nalijua na wala sio Q peke yake. Tatizo ni kwamba lile toi linazungusha HERUFI, na Kiswahili hakitaki kuzungushwa kwa herufi, kinataka SILABI. Mtoto wetu anaanza na a e i o u, anaenda ba be bi bo bu, akishashika hapo anasoma karibu kila kitu, maana maneno yetu mengi yamejengwa hivo, konsonanti na irabu yake, konsonanti na irabu yake. Kwahiyo ukizungusha herufi moja moja, mara nyingi unapata takataka, ukizungusha silabi unapata neno au unapata kitu kinachotamkika kama neno, na hicho nacho kina faida yake ntasema.

Darasani natumia vikombe vya karatasi vile vya kahawa au juisi vya kutupa. Chukua viwili. Kile ukingo wa juu ulioviringwa, chini yake kidogo andika kwa maka pen silabi sita kuzunguka kikombe, mfano ka, ma, pa, ta, sa, ba. Kikombe cha pili andika ta, ka, la, ma, pa, sa. Ingiza kimoja ndani ya kingine, kile cha ndani kinatokeza juu kama upana wa kidole, basi hapo hapo ndo maandishi yanaonekana. Unashika cha chini unazungusha cha juu. Hapo una michanganyiko 36 kwa vikombe viwili tu: pata, paka, papa, pasa, kata, kama, kaka, kasa, taka, tama, sasa, saka, sala, bata, mama. Cha kwanza kinachosomwa kikae chini au juu ni wewe tu, ila weka mshale mtoto ajue aanzie wapi, la sivyo utasikia mtoto anasoma "kapa" unadhani hajui kusoma kumbe kaanzia kikombe kingine.

Vikombe vitatu ni 216. Lakini kwa huyo wa miaka 6 usimpe vitatu kwa haraka.

Na yakitoka yasiyo na maana kama "bama", usiyafute. Mtoto akisoma "bama" vizuri ujue anasoma kweli, hajakariri sura ya neno. Ndo maana vipimo vingi vya kusoma madarasa ya chini vinakuwa na maneno ya kubuni.

Tahadhari moja, kabla hujaandika kaa na kalamu upige hesabu ya kila kinachoweza kutoka. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliweka "ma" kwenye kikombe kimoja na "vi" kwenye kingine. Siku mkaguzi yuko nyuma ya darasa mtoto akasimama akasoma kwa sauti ya kengele.

Kijana_wa_Mbagala:
😂😂😂 Ticha umeniua. Nafuta kauli ya simu

Mzalendo_Nairobi:
Hapa kwetu tulikuwa na shida hiyo hiyo na Scrabble, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi upate maneno, baba alileta nyumbani tukiwa wadogo tukasema tucheze kwa Kiswahili. Haikuwezekana. Yule mzee aliyeibuni, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo huko New York miaka ya 1930 wakati kazi zimekauka, alikaa akahesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza ndio akaamua E ziwe 12 na K iwe moja. Sasa sisi tunakuja na gazeti lingine kabisa.

Jaribu hii uone. Chukua boksi lote la vigae 100 vya Kiingereza uandike HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Hutaweza! Methali hiyo ina herufi 23 na kati yake A ni 11, boksi zima lina A 9. Inataka K tatu, boksi lina moja. Inataka H tatu, ziko mbili. Hata ukitumia vile vigae viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote bado una deni. Alafu K wanaihesabu pointi 5 kama kitu adimu, kwa Kiswahili K ni kama mchanga, kila neno unaipata, ka, ku, ki, ko, kwa.

Kwa hivyo BabaWawili usinunue kitu cha kutafsiriwa. Mpe huyo wa miaka 9 ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili ahesabu herufi mwenyewe, yeye ndiye awe Butts wenu. Kisha mkate vigae vya kadibodi kulingana na alichokipata. Sisi tulifanya hivyo na dadangu, tukagundua X na Q tumezikata bure.

MamaNasra_Tanga:
Assalam alaykum. Mie nasoma nacheka, nyote mnahangaika na vikombe na vigae na mchezo wenyewe uko mdomoni mwa bibi yao. Muulize mamako habari ya KINYUME. Sie tukiwa wadogo hapa Tanga ndo lugha yetu tukitaka wakubwa wasitufahamu, ingawa kumbe walikuwa wanafahamu kila kitu maana na wao waliicheza. Silabi ya mwisho unaileta mbele. Kitabu inakuwa bukita. Sukari inakuwa risuka. Leta maji, tale jima. Hapo hakuna kununua wala kuandika, ni kuzungusha neno lenyewe kichwani.

Ukizoea unaanza kuona maneno ambayo ukiyapindua yanakuwa neno jingine la kweli, na huo ndo utamu wenyewe. Lima inakuwa mali. Choma inakuwa macho. Chapa inakuwa pacha. Shaka inakuwa kasha. Tiba inakuwa bati. Siku inakuwa kusi, ule upepo. Wali inakuwa liwa. Chako inakuwa kocha. Kazi inakuwa zika, hapo kila mtu anacheka kwa sababu zake. Haya na hii kaiwazie usiku: TEMA MATE. Pindua kila neno peke yake uone kinachotokea.

Mzalendo_Nairobi:
Subiri. Tema inakuwa mate, mate inakuwa tema. Mate tema. Ngai! Miaka yote natema mate na sijawahi kuliona hilo

BabaWawili_Moro:
Mama Nasra hapo umenimaliza, nimemuita mama kutoka jikoni nikamuuliza kinyume anakijua, akanijibu bila hata kufikiri "anakiju nasa" nikabaki nimeduwaa, miaka arobaini na ushee nimeishi na huyu mwanamke sijui kama ana lugha ya siri

Swali, neno kama mtu au mbwa mnalipinduaje? Mtu inakuwa tum??

MamaNasra_Tanga:
Hahaha sie tulikuwa twayakwepa hayo. Hiyo m inasimama silabi peke yake, m-tu, ukiipeleka mwisho inabaki yaning'inia hewani. Ila mbuzi hana taabu, mbu-zi, zimbu. Na mama, baba, dada, kaka, kuku, hao hawapinduki, ukoo wao mgumu 😄

Mlezi_Toronto:
Naomba niingize yangu. Nipo Canada, wanangu 7 na 10, Kiswahili wanakisikia chote ila wanajibu Kiingereza. Ukiwaambia waseme wanaogopa kukosea. Nikatumia vikombe kama vya Ticha lakini sikuandika silabi, niliandika vipande vya kitenzi. Kikombe cha kwanza ni, u, a, tu, m, wa. Cha pili na, li, ta, me. Cha tatu soma, cheza, lala, pika, imba, kula. Basi, maandishi 16 tu, ila ukizungusha unapata sentensi 144 na ZOTE ni sahihi. Ninasoma, ulilala, tutacheza, wamekula, mmepika. Mimi mwenyewe niliyekua naongea Kiswahili toka tumboni sikuwahi kuwaza kwamba kitenzi chetu ni mashine ya kuzungusha. Jaribuni kufanya hivo kwa Kiingereza muone, go inakuwa went, eat inakuwa ate, vikombe vitavunjika.

Tunacheza hivi: mmoja anazungusha, anayefuata lazima aigize alichosoma. Likitoka "tutalala" wote tunajilaza kwenye zulia. Likitoka "umepika" unamnyooshea mtu kidole na huyo anataja alichopika. Yule wa 7 sasa hivi ananiambia "Mama, hajakula" akiongelea paka, zamani angeniambia kwa Kiingereza.

Sasa mimi nimekwama kwenye kukanusha. Niliweka kikombe cha si, hu, ha, hatu, ham, hawa, na cha pili ku, ja, ta. Sikusoma sawa, hajacheza sawa, hatutalala sawa. Ila kwa "kula" inatoka "sikukula" na wakati uliopo ndo kabisaa, sisomi, hachezi, irabu ya mwisho inabadilika. Ticha nisaidie.

TichaStellah:
Mama wa Toronto umenifurahisha, hiyo ya kuigiza naiba kesho asubuhi.

La kula, usipambane nalo, litoe kwenye kikombe cha kukanusha. Vitenzi vya silabi moja kama la, nywa, ja, vinabeba ku kama fimbo ya kuegemea, nina-KU-la, nili-KU-la. Ukikanusha wakati uliopita ku ya kukanusha inaingia na ile fimbo inaondoka, kwahiyo ni sikula, moja tu. Kwenye ja nayo huwa inaachia, sijala, ingawa mtaani wengi wanasema sijakula kama huyo mwanao na hakuna anayewapiga faini. Kwenye ta inabaki, sitakula. Mtoto wa 10 mwambie hii kama siri, watoto wanapenda ukiwaambia kuna maneno manne matano yana tabia mbaya.

La wakati uliopo, ongeza kikombe cha nne chenye irabu tu. Kikombe cha tatu andika som, chez, lal, pik, imb bila mwisho wake, cha nne a na i. Kanuni ni kwamba ukitoa kile cha wakati na ukaweka kikombe cha si hu ha, lazima uzungushe cha mwisho kiende kwenye i. Anasoma, hasomi. Tunacheza, hatuchezi. Mimi watoto wangu nawaambia "ukikataa, kitenzi kinakunja uso, kinasema iii".

Fundi_Kereza:
Mi sio mwalimu, ni fundi mbao. Vikombe vya karatasi kwa watoto wa kiume havimalizi wiki. Kwa anayetaka cha kudumu, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza gogo la mti mlaini lisilo na nyufa, likerezwe liwe duara, likatwe vipande kama magurudumu vya upana wa vidole viwili, vitobolewe katikati vipite kwenye fimbo moja, mwisho huku na huku unaweka kizibo. Usitoboe kubana sana, mvua zikija mbao zinavimba hutazungusha tena. Kama unataka silabi sita, usikereze duara, acha pande sita, kila upande unakaa flati na silabi yake, na bibi ataona maana unaandika kubwa unavyotaka. Rangi tumia ya maji kwa sababu watoto wataweka mdomoni tu hata ukisema nini.

Kama hutaki gharama, chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile iliyonyooka, alafu kata manila viwe mikanda, gundisha viwe pete, vishe kwenye chupa. Nusu saa umemaliza.

Kijana_wa_Mbagala:
Fundi unauza bei gani nikutafute

Fundi_Kereza:
Sijasema nauza bwana, nimesema utengeneze

BabaWawili_Moro:
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Mrejesho.

Nilianza na chupa na pete za manila kama alivyosema fundi, pete tatu za silabi sita sita, nimeandika kubwa, mama yangu anaona bila miwani. Kanuni zetu: kila mtu anazungusha mara tatu kwa zamu yake, neno la kweli pointi moja, neno ambalo ukilipindua linakuwa neno jingine pointi tatu, na ukibishiwa kamusi ndo refa. Kamusi tunayo ya zamani imechanika jalada.

Sasa sikutegemea hili: bibi anatupiga wote. Mkubwa alizungusha pete mbili ikatoka MATA akaiacha akasema haina kitu, bibi akasema hiyo ni yangu, mata ni zile pinde za mishale, ukiwa na moja ni uta, zikiwa nyingi ni mata. Tukacheka tukaenda kwenye kamusi, ipo. Kesho yake LIWA, wanangu wakasema "liwa" sio kitu hapa Moro, bibi akaeleza kule kwao walikuwa wanasaga ule mti wenye harufu wakajipaka usoni. Ikaishia anasimulia harusi yake mpaka saa nne usiku, mchezo tukausahau, umeme ulikuwa umesharudi hata hatukuona.

Kosa langu moja. Jumapili alikuja baba mkwe kula chakula cha mchana, mtu wa heshima sana, mzee wa kanisa. Wanangu wakataka kumuonyesha. Mdogo akapewa neno apindue, na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia "pindua RAHA". Nilikuwa namaanisha neno zuri la Jumapili. Pinduweni wenyewe. Mtoto akalitoa kwa nguvu na sahani za maharage ziko mezani. Mke wangu alinitazama hivi. Mzee akakaa kimyaa kama dakika nzima, akafuta mdomo na kitambaa, akamwambia mjukuu wake "na NAZI je?" Wallahi sikujua niangalie wapi.

Ticha umesema tukae na kalamu tupige hesabu kabla, nilisoma nikapuuza.

Swali langu la mwisho, wa miaka 9 keshaanza kuchoka na silabi mbili mbili anataka maneno marefu ya kupindua yanayotoa neno la kweli. Ya silabi tatu yapo? Nimetafuta sijapata hata moja la maana.

TichaStellah:
Hapo hata mimi sina la haraka. Ukiangalia ya silabi tatu ni magumu kwa sababu zikishaingia tatu hazirudi tena kuwa pea, ukipindua mara moja unapata kitu kimoja, ukipindua tena kingine, na zote zikubali kuwa maneno sio rahisi. Waachie watoto wa darasani kwangu na wako washindane, atakayepata la kwanza tutalileta hapa. Na hiyo ya mkwe wako nimeisoma mara tatu, jirani kagonga ukuta.

Mzalendo_Nairobi:
Mimi nimeshaanza kutafuta niko kwenye matatu, jirani yangu ananiangalia vibaya kwa vile midomo inacheza bila sauti

MamaNasra_Tanga:
Baba wawili msalimie sana bibi, mwambie liwa huku kwetu bado yapo, akitaka namtumia na basi la asubuhi.

BabaWawili_Moro:
Kasema nikuandikie: nteasa nasa.

MamaNasra_Tanga:
Bukari nasa 😄